Picha za Nyuma ya Meza

Mamba, Same
2 Juni 2024

Kaka Wilbard,

Shikamoo. Wewe, wifi Agape na watoto hamjambo? Sisi huku tupo. Baridi ya mwaka huu imewahi, ukungu unashuka saa tisa mchana, nguo hazikauki na Mama anavaa masweta mawili. Anakula vizuri. Mkono wa kulia haujarudi tangu kile kiharusi, na maneno yake bado ni ya kubahatisha. Tangawizi ya shamba la juu nimeivuna nusu. Nusu nyingine ipo ardhini, kwa sababu siwezi kuvuna huku namgeuza Mama kitandani.

Jumamosi pembe ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, ililia, zamu ya mtaa wetu kutoa tope kwenye ndiva kabla maji ya kumwagilia hayajaisha. Nyumba isiyotoa mtu inakosa zamu ya maji, kwa hiyo nilikwenda na jembe mimi mwenyewe, nikaingia kwenye tope la bwawa pamoja na wanaume kumi na tisa. Mzee mmoja akaniuliza, "Kaka yako yuko wapi?" Nikamjibu, "Yuko ofisini, Dar es Salaam." Akasema, "Ahaa, basi sawa." Ukishataja ofisi huku hakuna anayeendelea kuuliza.

Utashangaa naandika barua zama hizi. Naandika kwa sababu kwenye simu, kila nikifika kwenye jambo lenyewe, unasema "haloo, haloo, sikusikii," na mtandao unakatika upande wako tu. Karatasi haikatiki. Nimempa Idrisa wa bodaboda ashuke nayo Same stendi aiweke kwenye basi.

Jambo lenyewe ni hili. Unazikumbuka picha zangu za soko la mitumba huko Dar. Miaka sita nilikwenda pale kila wiki na kamera, watu wakanizoea mpaka wakaacha kuniona. Sasa kuna dada anaitwa Irine, ana ukumbi wa maonyesho huko mjini. Ameziona na anataka kuzitundika mwezi wa kumi na mbili. Kaka, picha zangu, ukutani, watu waje kuzitazama! Ila anataka na za mwaka huu, kwa sababu soko limebadilika, na picha yangu ya mwisho niliipiga wiki moja kabla ya msiba wa Baba. Imeshatimia miaka miwili.

Naomba mwezi mmoja. Njoo ukae na Mama mwezi mmoja, nishuke nikapige picha, nirudi. Sijakuomba kitu tangu kikao cha ukoo kiliponibakisha hapa. Nijibu kwa barua.

Mdogo wako,
Redempta


Dar es Salaam
23 Juni 2024

Mpendwa mdogo wangu Redempta,

Marahaba. Barua yako imefika salama na nimefarijika kusikia Mama anakula. Sisi hatujambo. Agape anakusalimu, mtoto mkubwa yuko darasa la sita na amekuwa mrefu kuliko mama yake, yule mdogo ameng'oka jino. Joto la huku limepungua kidogo, ila umeme unatusumbua.

Hongera sana kwa habari ya maonyesho. Nilisema siku zote kwamba una kipaji.

Kuhusu suala la mimi kuja, naomba unielewe. Hali ya ofisini kwa sasa si nzuri. Tuko kwenye kipindi cha ukaguzi, majukumu ni mengi, na likizo zote zimesimamishwa mpaka itakapotangazwa vinginevyo. Ajira za siku hizi unazijua, ukiinuka kwenye kiti unakuta mwingine ameshakaa. Ningekuwa na nafasi hata ya wiki moja ningekuja, Mungu ni shahidi. Tuombe uzima, mwakani tutaona.

Nimemtumia Mama blanketi, na wewe raba mbili, moja ya kushindia na moja ngumu ya kuendea ndiva. Ni mtumba, lakini ni mtumba wa daraja la kwanza. Kamba zake zimefuliwa na soli zimesuguliwa. Uzivae bila wasiwasi.

Kaka yako,
Wilbard


Mamba, Same
14 Julai 2024

Kaka,

Shikamoo. Blanketi limefika, Mama amelishika shika kwa mkono mzima na kulinusa. Raba nimezivaa. Aliyezisafisha ni fundi kweli kweli, mwambie nimesema hivyo.

Idrisa amejifungua mtoto wa kiume, namaanisha mke wake, lakini ukimsikia anavyosimulia utadhani ni yeye aliyekwenda leba. Padri alikuja kigangoni Jumapili iliyopita, akapanda kumkomunisha Mama hapa hapa nyumbani.

Nimesoma maneno yako ya likizo mara mbili. Nisikufiche, nililia, halafu nikapika uji.

Unajua ninaona nini kwa siku? Dirisha la chumba cha Mama lina nondo nne. Nyuma ya nondo kuna mgomba, nyuma ya mgomba kuna ukungu. Nimeshalipiga picha kwa macho dirisha lile saa zote za mchana, najua mwanga unaingia wapi na unatoka wapi. Jirani akija kukaa na Mama napata saa moja na nusu. Hiyo ndiyo kamba yangu, saa moja na nusu, inafika ndivani, dukani au kisimani, nachagua kimoja. Siku nyingine natoka tu na kusimama njiani, magari yanashuka kwenda Same, nahesabu mpaka jirani ananiita.

Sikulaumu wewe. Wapare tunajulikana kwa kesi, na ile kesi yetu ilichukua siku tatu, matanga hayajavunjwa na Mama ameshaanguka. Nakumbuka Baba mdogo Vitus alivyouliza nani atakaa na mgonjwa. Ukasimama ukasema, "Mimi nimeajiriwa." Akasema, "Mwenye ajira arudi kazini." Kisha akanigeukia mimi: "Redempta yeye anapiga picha tu." Watu wakaitikia kwa vichwa. Nami nikakubali, kwa sababu niliamini umesema kweli.

Basi kama huwezi kuja, nifanyie hili. Kamera yangu iko kabatini kwako. Chaji betri, Jumamosi usipokuwa kazini nenda sokoni, mtafute Salimu wa viatu, mwambie wewe ni kaka yangu. Sogea karibu, usivute kwa lenzi, vuta kwa miguu. Usimwambie mtu acheke. Kaa mpaka wakusahau, ndipo upige. Nataka belo linavyofunguliwa, nataka mafundi cherehani wanaopunguza suruali, nataka watu wanavyojipima makoti mazito kwenye lile joto. Wewe utakuwa macho yangu, basi ufungue vizuri.

Redempta


Dar es Salaam
18 Agosti 2024

Mpendwa Redempta,

Marahaba, na hongera kwa Idrisa kujifungua. Agape amecheka mpaka akakaa chini. Watoto hawajambo, ila nyumba haina amani. Mimi nilipata mafua, yameisha.

Nilikuwa sitaki, nikwambie ukweli. Nilikaa na barua yako wiki nzima. Kisha nikaitoa kamera kabatini, nikaifuta vumbi, nikaenda. Nimekwenda Jumamosi mbili. Ndani ya bahasha kuna picha ishirini na mbili, nimezisafisha pale studio ya jirani, na nyingine ziko kwenye kadi.

Redempta, sikujua! Saa kumi na mbili asubuhi belo linapokatwa kamba, wanawake wanaruka juu yake kabla halijamaliza kufunguka, kila mmoja ana rangi anayoiwinda. Saa nne wanakuja wafanyakazi wa benki kwa kujificha, wanachagua haraka wakitazama huku na huku wasije kuonwa. Saa nane jua likiwa kali hakuna anayenunua, wauzaji wanalala juu ya mashati. Kuna mama mmoja alivaa kiatu kimoja, mguu wa pili peku, akabishania bei nusu saa nzima akiwa amesimama hivyo hivyo. Nilimpiga.

Salimu anakusalimia sana. Anasema sura tunafanana ila wewe una maneno mengi.

Niambie ukweli, ni nzuri? Usinionee huruma.

Wilbard


Mamba, Same
1 Septemba 2024

Kaka Wilbard,

Shikamoo. Mama hajambo. Mvua haijaanza, ndiva imeshuka mpaka kwenye mawe na watu wanagombania zamu. Tangawizi ya majirani inakauka, yetu pia.

Picha nimezipata. Nilizipanga juu ya kitanda, miguuni pa Mama, na tukazitazama wote wawili. Sita za kwanza ni takataka. Migongo, migongo, migongo. Zile ulisimama njiani kama mtu anayeogopa kuibiwa. Lakini hizo nyingine kumi na sita! Kaka, miaka sita nilizunguka soko lile na sikuwahi kufika pale ulipofika. Yule mama wa kiatu kimoja nimelala naye chini ya mto. Irine akimwona atamtundika mlangoni.

Sasa nikuulize, maana nimezitazama siku kumi na huku sina kingine cha kutazama.

Salimu alinifundisha kwamba viatu mezani hupangwa ncha zikimwelekea mteja. Kwenye picha zako kumi na sita visigino ndivyo vinavyonitazama. Kwenye nne kuna beseni pembeni, lina povu, na brashi imeegeshwa ukingoni, upande wa kulia, mahali ambapo mkono unaifikia bila kuangalia. Na watu wanatazama moja kwa moja kwenye lenzi, lakini hawaitazami kamera. Mpiga picha hatazamwi hivyo. Anatazamwa hivyo mtu aliyetaja bei na hataki kushuka.

Halafu mwanga. Ule unaopita chini ya turubai ni wa asubuhi, na nyuma wanapita watoto wenye sare za shule. Jumamosi?

Salimu hamruhusu mtu kukaa nyuma ya meza yake. Mimi mwenyewe hakuniruhusu.

Mama anakusalimu.

Redempta


Mamba, Same
29 Septemba 2024

Kaka,

Shikamoo. Hatujambo. Wiki nne sijapata barua, na ukipigiwa simu anapokea Agape anasema uko bafuni. Umekuwa msafi sana.

Irine anataka picha zote mwisho wa mwezi ujao. Mimi nataka jibu kabla ya hapo.

Redempta


Dar es Salaam
9 Oktoba 2024

Redempta,

Umeniamkia na sijui kama nina haki ya kuitikia. Hatujambo sote.

Nimeandika barua hii mara tano. Sina ofisi. Walitupunguza watu kumi na wanne kwa siku moja, tukapewa bahasha na mlinzi akatusindikiza getini. Nilitafuta kazi kila mahali, kisha nikaenda kwa Salimu, maana ulikuwa umeshamtaja sana nikajua angalau ni mtu mwema. Nilianza kwa kusafisha, nikaja kuuza, sasa nina meza yangu jirani na yake. Ulikwenda sokoni kila wiki, na mimi nilikuwa nikihakikisha siku hiyo sipo. Ulipoondoka kwenda msibani nilikuwa na miezi minne bila ofisi.

Rudia kusoma sentensi hiyo, nisikulazimishe kuhesabu mwenyewe. Kazi iliisha Februari. Baba alikufa Juni. Niliposimama kwenye kikao nikasema nimeajiriwa, sikuwa nimeajiriwa.

Kila asubuhi navaa tai. Nashuka na begi la laptop, ndani mna brashi mbili na sabuni ya unga. Nabadilisha shati nyuma ya stoo ya Salimu, jioni nabadilisha tena. Watoto wanajua baba yao ni mhasibu. Agape alijua miezi mitatu tangu nianze, kwa harufu ya gundi kwenye vidole, akakaa kimya mpaka nilipomwambia mwenyewe mwaka jana. Siku ile ya kikao nilikuwa na hofu moja tu, kwamba ukoo ukijua utaniambia nirudi. Nikaona nondo za dirisha lile kabla hujaziona wewe.

Picha nilizipiga pale nilipokaa kwa sababu meza haiachwi, ukigeuka kidogo wanaondoka na jozi. Na nilidhani mpiga picha haonekani kwenye picha. Nilipokuwa nikizipiga nilifurahi, Redempta. Nilisahau kabisa kwamba ni wewe utakayezitazama.

Nisamehe. Usimwambie Baba mdogo.

Wilbard


Mamba, Same
20 Oktoba 2024

Wilbard,

Leo sikuamkii. Nitaanza kukuamkia tena nikiweza.

Mama hajambo. Mvua za vuli zimeanza.

Idrisa aliniletea barua nikiwa jikoni. Niliisoma nimesimama, na makande yakaungua mpaka chungu kikapasuka. Nilitoka nje nikapiga kelele kwenye ukungu, jirani akaja mbio akidhani Mama amekufa. Nikamwambia nimekanyaga mwiba.

Nikwambie kilichoniuma, usije ukadhani ni viatu. Viatu si aibu. Mikono ya Salimu nimeipiga picha miaka sita kwa sababu niliiona ni mizuri, na ya kwako ningeipiga vivyo hivyo. Kilichoniuma ni kwamba miaka miwili nimekuwa nikijiambia, Redempta tulia, mwenzio ana kazi, wewe ulikuwa unapiga picha tu. Nilijiambia hivyo usiku na mchana mpaka nikaamini kuwa sikuwa na kitu cha kuacha. Nilikuwa na kitu. Nilikuwa na kazi kuliko wewe! Siku ile mwenye kazi kwenye kikao kile nilikuwa mimi.

Umeniomba nisimwambie Baba mdogo. Sitamwambia. Nataka uje useme wewe, kwa mdomo ule ule, mbele ya watu wale wale. Kisha ukae na Mama, na mimi nishuke.

Usinijibu kwamba meza haiachwi. Mimi niliacha.

Njoo kabla mvua haijakata njia.

Redempta


Dar es Salaam
3 Novemba 2024

Mdogo wangu,

Hatujambo. Nimewaambia watoto jana, baada ya chakula. Mkubwa akauliza kama anaweza kupata raba za mpira wa kikapu. Miaka yote ile kumbe nilikuwa naogopa swali hilo.

Agape atakaa mezani badala yangu, Salimu atamwelekeza. Amesema atauza kuliko mimi na simbishii.

Nafika Jumapili tarehe 10. Mwambie Baba mdogo aite watu, usimwambie kwa nini. Naja na kamera yako.

Wilbard


Mamba, Same
12 Januari 2025

Mpendwa Redempta,

Heri ya mwaka mpya. Sisi hatujambo. Krismasi tulikula mimi na Mama, jirani akatuletea nyama. Nimesikia kwa Agape kwamba maonyesho yalijaa watu na kwamba uliandika jina langu chini ya yule mama wa kiatu kimoja. Alisema uliwaambia watu, "Hii amepiga kaka yangu, muuza viatu." Nilitoka nje nikakaa barazani peke yangu kwa muda.

Huku mlima uliporomoka wiki ya Krismasi. Magari yanaishia chini, mizigo inapanda kichwani, ndiyo maana barua hii itachelewa. Ukungu hauondoki. Pembe imeshalia mara tatu tangu nije, na mikono iliyozoea brashi haikulijua jembe. Wale wanaume kumi na tisa wananitazama nikichimba, hawasemi neno, na afadhali wangesema. Baba mdogo hapiti tena hapa. Unakumbuka siku ile nilipoungama mbele ya watu, alisema "Basi kaa," akachukua kofia yake na kwenda. Ndivyo ilivyobaki mpaka leo.

Nimejifunza kumwogesha Mama. Wiki ya kwanza alikuwa anafumba macho, kwa aibu yake au yangu. Sasa tumezoeana. Lakini saa moja na nusu ya jirani, Redempta, ulikuwa unaishije nayo? Juzi nilifika hadi njia panda, nikasimama, nikaona kule chini gari la mwisho limegeuza linarudi Same. Nilitaka kulikimbilia na ndala miguuni. Niliogopa moyo wangu mwenyewe.

Uliomba mwezi mmoja. Leo ni wiki ya tisa. Sikudai, najua sina mdomo wa kudai, lakini watoto wangu wananiuliza na mimi sina cha kuwajibu. Unarudi lini?

Na kuna jambo lingine. Kila asubuhi Mama anageuzia uso mlangoni na kuita jina lako. Analiita sawasawa, bila kukosea. Namwambia umekwenda mjini, utarudi, naye anaanza tena, kana kwamba hajui kabisa kuwa umeondoka. Mimi siku ile nilikuwa bado nimelala, niliamka nikakuta umeshakwenda. Ulimuaga vipi? Ulimwambia nini? Niambie, nami nimwambie hivyo hivyo.

Kaka yako,
Wilbard


Dar es Salaam
2 Februari 2025

Kaka Wilbard,

Shikamoo. Barua yako imechukua siku kumi na tisa. Watoto hawajambo, nilikuwa nao Jumapili, mdogo ameota lile jino. Agape amepanua meza, ameweka na mikoba. Salimu anasema amekuja kumnyang'anya wateja, lakini chai wanakunywa pamoja. Agape na watoto wameshaamua, shule ikifungwa Pasaka watapanda wote kuja kwako, wakae.

Irine amepata watu wanaotaka picha za masoko mengine, Tanga, Mwanza, mpaka Kigoma. Ni kazi ya mwaka mzima. Nimekubali. Nilisaini bila kukuuliza, bila kumuuliza Baba mdogo wala mtu yeyote.

Nilianza kukuandikia sababu. Niliandika kwamba njia imekatika, kwamba kamera iko kwa fundi, kwamba Irine amenizuia. Nimezichana zote, kwa sababu nimezisoma barua za namna hiyo na najua zinamfanyia mtu nini. Njia ikifunguliwa kesho bado sitakuja. Hakuna anayenizuia. Sirudi, kaka. Labda mwakani, labda baada ya hapo, sikupi tarehe ya uongo uikalie. Ukiona ni kisasi, sitakukatalia, kidogo kimo. Lakini kikubwa si hicho.

Usiku Mama hukauka midomo, weka maji upande wa kushoto. Uji wake usiweke tangawizi nyingi, humkereketa. Akilia bila sababu usimwambie anyamaze, mfungulie dirisha.

Umeniuliza nilimuaga vipi. Sikumuaga. Niliamka saa kumi na moja, nikavaa gizani, nikasimama karibu na kitanda chake nimeshika viatu mkononi. Alikuwa macho. Alinitazama, akaninyooshea ule mkono mzima nimwinue, kama kila siku. Nikamwambia, "Nakuja, Mama, nakuchemshia maji." Kisha nikatoka nje, nikapita jikoni bila kusimama, nikashuka na Idrisa.

Bado anangoja yale maji. Ndiyo maana ananiita, na ndiyo maana siwezi kurudi. Mchemshie wewe.

Mdogo wako,
Redempta